Harambee ya mashine ya kushtua moyo: pedi za watoto hatuziondoi

Wazazi, walezi, wanafunzi wetu wa zamani na majirani wa Likoni, hamjambo?

Kamati imeazimia kununua defibrileta, mashine ya kuushtua moyo uliovurugika mapigo, ikae hapa shuleni. Sababu mnaijua: kivuko. Hata ambulensi ikipewa nafasi ya kwanza ferini, maji ni maji, na damu ikiacha kufika kwenye ubongo, dakika chache tu zinatosha kuuharibu.

Lengo ni shilingi 280,000: mashine, pedi za wakubwa na pedi za watoto (vibandiko vya kifuani vinavyopitisha umeme), na mafunzo ya walimu, mpishi na bawabu. Tulipoletewa bei, kuna waliosema pedi za watoto zingoje mwakani. Tumekataa katakata. Watoto wetu wengi hawajatimiza miaka 8 wala kufika kilo 25, na pedi zao hupunguza umeme hadi jouli (kipimo cha nishati) 50 hivi, badala ya 150 au zaidi za mtu mzima. Zikikosekana, za wakubwa zitumike, ni afadhali kuliko kumwacha mtoto afe. Lakini shule ya watoto itanunuaje mashine ya wakubwa kwa makusudi?

Mafunzo nayo si nyongeza. Moyo wa mtoto mara nyingi husimama kwa kuwa pumzi ilitangulia kukatika: amezama, amepaliwa, pumu imembana. Kwa hiyo mmoja ampulizie pumzi na kumkandamiza kifua, mwenzake akimbilie mashine. Kwenye kifua kidogo pedi mbili zitagusana, na hilo halitakiwi. Basi moja hubandikwa katikati ya kifua, nyingine mgongoni, baina ya mabega. Aliyetolewa majini afutwe kifua kwanza, hata kwa kanga. Mashine ikisema asiguswe, hakuna wa kumshika, hata mamake. Ikishashtua, mikono irudi kifuani papo hapo.

Kina mama wanaokuja na wachanga wameuliza kama itawafaa. Hospitalini, kwa mtoto wa chini ya mwaka, hupendelewa mashine ambayo daktari hupanga nguvu mwenyewe. Isipokuwepo, yetu yenye pedi za watoto inatumika. Na wenye hofu ya kumshtua mtoto bure watulie: mashine husoma moyo kwanza, na usipohitaji umeme haitoi.

Pedi zina tarehe ya mwisho, kama dawa. Fedha zitakazobaki ni za kununulia pedi nyingine.

Tuma mchango kwa nambari ile ile ya karo, kwenye akaunti andika MOYO. Asiye na fedha alete nazi, kuku, hata mbuzi. Tutanadi Jumamosi ya kufunga shule, saa nne asubuhi, uwanjani. Orodha ya michango na risiti za manunuzi zitabandikwa getini.