Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya 2025 kwa Familia ya Timu Yetu ya Chuo

Wapendwa wachezaji, benchi la ufundi, wazazi na walezi, walimu wenzangu, na ninyi wahitimu mliotawanyika kila kona ya nchi: Bwana Yesu asifiwe. Na kwa vijana wetu Waislamu, ambao Idi ya Aprili tulikula pilau kwao, Asalaam aleikum. Tunamshukuru Mungu aliyetuvusha mwaka 2024 tukiwa na uhai. Nawatakia nyote Krismasi njema na mwaka mpya wenye afya, amani na baraka tele.

Salamu hizi huandikwa na mlezi wa timu kila Desemba, ni wajibu. Lakini mwaka huu naziandika huku kombe likiwa juu ya kabati la mafaili hapa ofisini, na kila anayeingia kuulizia matokeo ya mtihani huligusa kwanza.

Chuo chetu ni kidogo. Wanafunzi wetu wote wakienda uwanja wa Kirumba hawajazi hata jukwaa moja. Tulianza msimu na mipira mitatu na jezi seti moja, tukaishia kuvitoa vyuo vyenye mabasi yao na makocha wa kulipwa. Ugenini Sengerema tulikaa kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, daraja lililokuwa likijengwa tukiliona kwa macho, tukafika Busisi tumechoka, vijana wakapasha misuli dakika chache wakaingia uwanjani. Tulirudi na sare, na sare ile ndiyo iliyotubeba.

Fainali ilichezwa Nyamagana. Vijana waliozoea uwanja wetu wa vumbi na kokoto walikanyaga nyasi bandia wakaanza kuteleza, tukafungwa mapema. Kipindi cha pili winga wetu wa kushoto akaumia nyama za paja. Aliyekuwa anasubiri kuingia alisimama pembeni ya mstari pekupeku, maana njumu za kipimo chake zilikuwa ndani ya uwanja, miguuni mwa mwenzake. Yule majeruhi akatoka akichechemea, akakaa chini, akafungua kamba kwa haraka mikono ikimtetemeka, akazivua. Mwenzake akazivaa zikiwa bado na jasho. Mwamuzi wa akiba aliona yote, akasubiri. Krosi iliyozaa bao la kusawazisha ilipigwa kwa njumu hizo hizo. Yaliyofuata mnayajua: matuta, kipa wetu akapangua mawili, na mama ntilie wetu wa getini akaingia uwanjani akikimbia na kanga mkononi.

Ilikuwa wiki ya furaha kwa kila mpenda soka. Novemba 19 Taifa Stars iliifunga Guinea bao 1-0 kwa Mkapa, bao la Msuva, tukakata tiketi ya kwenda AFCON Morocco. Na jiji letu lenyewe limeiona Pamba ikirudi Ligi Kuu baada ya zaidi ya miaka 20. Wana Lindanda, mashabiki wa Pamba, mnaelewa uzito wake. Vijana wetu wengi walizaliwa Pamba ikiwa ni hadithi ya baba zao.

Lakini tusijidanganye, mwaka ulikuwa mgumu. Mwanzoni mwa mwaka sukari iliadimika, kilo ikapita shilingi 4,000, uji wa kambi ukanywewa na ndimu. Sisi tunaokaa kando ya ziwa hili tunamtazama sangara akipita kwenda viwandani, na sato wa kumtosha mtu mmoja bei yake unaipigia hesabu mara mbili. Kambi nzima imeishi kwa ugali, dagaa na mchicha. Mama ntilie ametukopesha chakula tangu robo fainali na daftari lake bado halijafutwa. Wahitimu mlio kazini, naomba hili mlisikie: deni la mama yule ni letu sote.

Na zaidi ya bei, tumepoteza mtu. Mwezi Julai alitutoka mzee wetu wa stoo, yule vijana mliyemwita Babu. Alikuwa mvuvi kabla ya kuja chuoni, na alikuja na sindano yake ya kushonea nyavu. Kwa sindano ile alishona nyavu za magoli yetu, tundu kwa tundu, akiwa amekaa juu ya jiwe nyuma ya bweni, jezi zikiwa zimeanikwa kwenye mawe mengine pembeni yake. Kila jezi iliyorudishwa safi alimwambia mchezaji "wabeja", asante kwa Kisukuma. Iliyorudishwa chafu aliipokea akaifua mwenyewe bila neno, na kijana hakurudia.

Hapa naomba niseme langu mwenyewe. Mwaka niliofiwa na mume wangu nilijifungia ndani, sikutaka kuona mtu. Wengi walikuja na maneno mazuri. Babu alikuja jioni, akakaa barazani, hakusema kitu mpaka giza lilipoingia. Alipoinuka akasema, "Mama, vijana wanakuulizia uwanjani." Kesho yake nilikwenda. Tangu Julai nimeshindwa kuingia ile stoo, namtuma nahodha. Tulipokabidhiwa kombe niligeuka kumtafuta ili alishike yeye kwanza. Krismasi hii inanilemea, wanangu.

Basi nisikilizeni, maana Babu hayupo na kazi ya kuwasema imebaki kwangu. Kombe lisiwavimbishe vichwa. Wapo waliosifiwa viwanjani leo hawana cheti wala timu. Mtihani wa marudio hauahirishwi kwa sababu ulifunga bao la fainali. Acheni mikeka! Nimeona kijana mwenye kipaji akipeleka ada ya baba yake kwenye kubeti, akitegemea timu tano za Ulaya ambazo hata jina la kocha halijui, na baba huyo anauza ng'ombe Kwimba ili mtoto asome. Pombe za sikukuu ziacheni zipite. Waheshimuni mabinti wa netiboli kama dada zenu. Ukifika nyumbani usikae na simu, shika jembe, mvua zimeshanyesha. Mchezaji anayemwacha mama yake alime peke yake hata kama ana mguu wa dhahabu, mimi simwoni kuwa ni mchezaji.

Na mnaokwenda Ukerewe na visiwa vingine, msipande chombo kilichojaa. Hatuhitaji kufundishwa hili. Makaburi ya MV Bukoba ya Mei 1996 yapo Igoma, na MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara Septemba 2018 watu zaidi ya 200 wakafa, wakiwa karibu kabisa na kufika. Chombo kikijaa, shuka. Sikukuu itakusubiri.

Wanaobaki Mwanza, tarehe 26 Desemba tunakwenda Magu kumsalimia Bibi, mjane wa mzee wetu. Tukutane Buzuruga saa mbili asubuhi. Tutampelekea mchele, sukari na kitenge, na tutakwenda na kombe alione. Asiye na cha kuchangia aje hivyo hivyo, kuna shamba la kupalilia. Jezi zote zirudi Januari zikiwa zimefuliwa.

Kwa niaba ya uongozi wa timu, nawatakia tena heri ya Krismasi na fanaka ya mwaka mpya 2025. Mungu awalinde safarini, awape wagonjwa afya, wafiwa faraja, na awarudishe chuoni salama.

Wenu,
Mama Mlezi
Mwanza