Hiyo "gubernatorial" ni usukani tu jamani

Mhariri, salaam sana. Naomba kanafasi nitoe dukuduku nililokaa nalo tangu uchaguzi wa 2022, maana sasa 2027 inabisha hodi na watu wa redio washaanza tena.

Ni hili neno la Kiingereza gubernatorial, yaani "la ugavana". Mtangazaji akitaka kuonekana msomi analichomeka katikati ya Kiswahili, "kinyang'anyiro cha gubernatorial", na wengi linawashinda, juzi mmoja kasema "gavanatoriali", matatu nzima tukacheka. Lakini nilipofika nyumbani nikawaza, mbona kosa lake lina akili? Mtu mwenyewe kwa Kiingereza ni governor, sasa hiyo B imetoka wapi?

Kisa chake ni hiki. Wagiriki wa kale walikuwa na neno kubernan, yaani kuongoza chombo baharini. Warumi wakalidaka wakasema gubernare, na mshika usukani wakamwita gubernator, halafu likapita Ufaransa na huko kwa midomo ya watu B ikalainika ikawa V, ndio Waingereza wakapokea governor likiwa limeshachujwa. Baadaye sana, kwenye miaka ya 1730, waliotafuta neno la kuelezea mambo ya gavana hawakupitia tena kwa Wafaransa, walikwenda moja kwa moja kwenye Kilatini wakalitoa na B yake. Kwa hiyo ni ndugu wa baba mmoja ila mmoja kalelewa Ufaransa. Waingereza wenyewe hawana shughuli nalo sana, wanaolipenda ni Wamarekani na Wanigeria kwa sababu wao wanapiga kura za magavana wa majimbo, nasi Wakenya likatufikia na katiba ya 2010, magavana 47 wa kwanza tukawachagua Machi 2013.

Sasa mimi mtu wa Lamu ukiniambia hayo yote nashangaa kidogo, kumbe ni mambo ya jahazi! Usukani sisi tumeutoa kwa Waarabu, nahodha kwa Waajemi, maana yake mwenye chombo, na hata hiyo serikali ni ya Waajemi. Na kuna yule Mgiriki Plato, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifananisha mji na chombo ambacho mabaharia wanagombania usukani, kila mtu ni zamu yake na hakuna hata mmoja aliyejifunza kazi, na mwenye chombo ni jitu kubwa lina nguvu ila masikio mazito kidogo, macho nayo hayaoni vizuri. Mwenye chombo ndio sisi wapiga kura, mtanisamehe.

Basi ombi langu kwa watangazaji, na nyinyi wa magazeti msicheke mnayo pia, semeni kiti cha ugavana, mbio za ugavana, yatosha. Anayetaka mbwembwe aseme usukani wa kaunti, sisi wa pwani tutamuelewa vizuri zaidi kuliko hata Warumi.

Na msije mkahamia kwa senatorial. Hilo nalo ukilifuata mpaka kwenye Kilatini unamkuta mzee, na kuna maseneta wetu vijana watanuna.

Msomaji wenu,
Lamu