Leveli 73 hazilingani

Mhariri,

Jumamosi mlichapisha barua ya mzazi wa Muheza anayetaka magemu ya mtandaoni ambamo wachezaji huuana na kuporana yapigwe marufuku, kwa sababu mwanawe aliporwa, akalia, akasusa hadi chakula. Naomba nafasi nimjibu kwa heshima. Nadhani nakijua kilichomliza kijana huyo, na si kule kuuawa.

Mimi ni mpokezi wa zamu ya usiku katika nyumba ya wageni hapa Ngamiani, Tanga. Ikishapita saa sita ni nadra mtu kubisha hodi, na tangu Old School RuneScape ilipoingia kwenye simu mwaka 2018 saa hizo nimekuwa nikizichezea gemu hilo. Limetengenezwa Cambridge, Uingereza, na kampuni ya Jagex. Unamkuza mhusika wako polepole: anakata miti, anavua samaki, anajifunza upanga, upinde na uchawi. Karibu dunia yake yote hakuna mchezaji anayeweza kukugusa. Kaskazini ndiko iliko Nyika. Ukivuka mtaro wake, mwenzako anaweza kukushambulia, na akikuua anazoa ulichobeba, ukiacha vitu vyako vitatu vya thamani kubwa kuliko vyote, ambavyo vinabaki kwako.

Niseme wazi kwamba kwa zaidi ya mwaka mmoja mimi nilikuwa mporaji huko. Nayaandika haya nikiwa upande huo.

Sheria ya Nyika ni nzuri ukiisoma. Kila mhusika ana leveli ya mapigano, kutoka 3 hadi 126. Nyika nayo ina namba zake, zinazopanda unavyokwenda kaskazini. Kwenye namba 1, mtu wa leveli 73 anaweza kupigana na wa 72 hadi 74 tu. Kwenye namba 20, tofauti inafika 20. Kila hatua unajua hatari imeongezeka kiasi gani, na ukiogopa unarudi nyuma. Hata sisi tulio mbali na seva tunapata haki yetu, kwa sababu gemu hili linahesabu mapigano kwa midundo ya sekunde 0.6, na mtandao ukiwa mzuri amri ya simu yangu inafika Ulaya ndani ya mdundo mmoja. Kwenye magemu ya kasi zaidi, mchezaji wa Tanga anakufa kabla hajamwona aliyempiga.

Ubovu uko kwenye mizani inayotoa hiyo leveli. Siku moja kijana wa jirani aliniuliza imekuwaje mtu wa leveli sawa na yake amemmaliza kabla hajageuka. Nilichukua kalamu nikamfanyia hesabu nyuma ya daftari la wageni. Mhusika wake alikuwa amekuzwa kwa usawa: shabaha 60, nguvu 60, kinga 60, uhai 60, sala 43. Fomula inampa leveli 74. Wangu alikuwa na shabaha 60, nguvu 99, uhai 88, na kinga 1 tu, kwa kuwa nilikwepa kwa makusudi kila kitu kinachoikuza kinga, na sala nikaiacha 1. Fomula inampa 73. Kwenye mizani mimi ndiye mdogo, lakini nguvu ya mkono wangu inamzidi kwa 39. Wahusika kama wangu huitwa pyua.

Kuna jambo kubwa kuliko hilo. Kati ya upanga, upinde na uchawi, fomula huchukua ule ustadi ulio mkubwa na kuziacha nyingine mbili bila kuzihesabu. Hata ningeukuza upinde wangu hadi 99, upinde wenyewe usingeongeza leveli hata moja. Nilimwona kijana akirudia kuisoma ile hesabu, kisha akafunga daftari na kuondoka bila kuniaga.

Wenzangu wa zamani watasema pyua amelipia nguvu zake kwa kukosa kinga, na yeyote anaweza kumpiga. Ingekuwa kweli kama tungepigana na waliojiandaa. Sisi tulikuwa tunavizia watu wanaoua majoka ya kijani kwa ajili ya mifupa na ngozi. Mtu ameshika ngao ya kuzuia moto, mfuko umejaa, uhai umeshapunguzwa na joka. Jambia langu linachoma mara mbili kwa mkupuo. Kinga yangu haikuwahi kujaribiwa.

Tena kuna adhabu ya fuvu. Ukimwanza mtu ambaye hakukushambulia, fuvu linatokea juu ya kichwa chako, na ukifa wakati huo unapoteza vyote, vile vitatu havibaki. Nia ya sheria hii ni njema kabisa. Lakini mimi nilikuwa nakwenda na nguo za bei ya chini na jambia ambalo ningelinunua tena kwa mapato ya majoka machache. Aliye mbele yangu amebeba kazi ya usiku mzima. Hilo fuvu lilinitia hofu gani?

Kupiga marufuku kulishajaribiwa. Tarehe 10 Desemba 2007 Jagex waliondoa mapigano huru kwenye Nyika ya RuneScape, gemu ambalo Old School imetokana nalo, maana wauzaji wa dhahabu ya gemu kwa pesa halisi walikuwa wanajiacha wauawe ili kumkabidhi mnunuzi mzigo wake. Nyika ikapoa. Mapigano yakarudishwa tarehe 1 Februari 2011 baada ya wachezaji kupiga kura, zaidi ya milioni moja. Wenye Ultima Online, gemu jingine la mtandaoni, waliigawa dunia yao mara mbili mwaka 2000, moja ya kuporana na nyingine ambamo asiyekubali hapigwi. Hilo sina ugomvi nalo, ila hapo pia aliye dhaifu hakupewa mizani bora, alipewa mlango wa kutokea.

Mimi ningeanza na mizani. Mtu akivuka mtaro, leveli yake ihesabiwe upya: stadi zote tatu ziingie, na nguvu iwe na uzito kuliko kinga, kwa kuwa huko ndiyo inayoua. Baada ya hapo, anayeanzisha pigano awe amebeba mali inayofikia walau robo ya ile ya anayemshambulia, la sivyo pigo lake lisikubaliwe. Thamani hizo gemu tayari linazijua, vinginevyo lisingeweza kuchagua vile vitu vitatu. Najua mchezaji maskini anayetaka kujifunza kupigana atabanwa na sharti hilo, kwa hiyo namba 1 hadi 5 za Nyika ziachwe bila sharti.

Mabadiliko ya aina hii yasisubiri kura. Old School hupigia kura mambo mapya, na kwa vitu vipya ni utaratibu ninaoupenda sana. Lakini wengi wanaopiga kura hawaingii Nyika kabisa, na wanaoingia wengi wao wananufaika na upungufu huu, kama nilivyonufaika mimi. Anayeumia ni mgeni wa miezi miwili, naye kura yake haitoshi. Vijana wetu wanaotunga magemu hapa Tanzania ningewaomba waifanye hesabu ya yule kijana kabla ya kuchora hata upanga wa kwanza.

Mzazi mwenzangu wa Muheza, pyua wangu nilimfuta mwaka jana, na sasa nina mwingine niliyemkuza kwa usawa. Muulize mwanao aliyemuua alikuwa leveli gani, na yeye alikuwa ngapi. Zikiwa zinakaribiana, mwambie hakushindwa kwa uzembe. Akitaka kurudi Nyika, mwache arudi, ila asibebe zaidi ya vitu vitatu.

Mpokezi wa usiku,
Ngamiani, Tanga