Barua kwa Binti Yangu Aliyeko Kisumu

Nakuru

Mwanangu mpendwa,

Natumai barua hii itakufikia ukiwa na nguvu za kuisoma, hata ikiwa ni kwa vituo. Mama yako amekwisha kuzungumza nawe kwa simu kuhusu mambo ambayo mama na binti huzungumza, nami siyaingilii. Ninaandika kuhusu neno moja ulilolisema Jumapili tulipokuja kukujulia hali, ukalipitisha haraka kana kwamba halina uzito, kwamba utaendelea kwenda kazini kwa sababu mimba si ugonjwa.

Tulikukuta umelala kwenye saruji karibu na mlango wa bafu, shavu umelilaza sakafuni kwa kuwa ndiko ulikopata ubaridi, na ndoo ya buluu iko karibu na mkono wako. Midomo ilikuwa imepasuka. Jirani alipoanza kukaanga omena upande wa pili wa ukuta, ulitapika maji ya manjano, kisha ukawa huna tena cha kutapika, lakini mwili ukaendelea kujikamua. Mama yako alinionyesha kitabu chako cha kliniki: kilo 62 siku ya kwanza, kilo 57 wiki hii ya tisa. Mwanamke anayetapika asubuhi, akanywa chai yake ya tangawizi na kushika njia ya kazini, hapungui hivyo. Mjamzito anayetapika bila kikomo, akapoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake na kuishiwa maji mwilini, madaktari humhesabu kuwa mgonjwa, na ugonjwa wenyewe wameupa jina, haiperemesisi gravidaramu.

Maneno hayo ya kwamba mimba si ugonjwa niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, na sikupata kukusimulia. Nilipokuwa msimamizi katika banda la kufungashia maua, dada mmoja aliyekuwa na mimba changa aliniomba ruhusa ya kwenda nyumbani, nami nikamjibu hivyo hivyo mbele ya wenzake. Alirudi mezani kupanga maua mafungu, akawa anatoka kila baada ya muda mfupi kwenda kutapika nyuma ya chumba cha baridi. Siku ya tatu alianguka. Alilazwa, akawekewa dripu, na hakurudi tena kazini kwetu. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu wakati huo wasimamizi wengi wangejibu vivyo hivyo, lakini nilipokuona kwenye ile saruji nilimwona yeye.

Uliniambia pia kwamba unatunza siku zako za likizo ili upate muda mrefu wa kukaa na mtoto. Hapo umekosea hesabu, na ni kosa ambalo nimeliona kwa wafanyakazi wengi. Sheria ya Ajira ya 2007 imetenga likizo hizi kila moja kivyake. Likizo ya uzazi ni miezi 3 yenye mshahara kamili. Likizo ya ugonjwa, kwa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo au zaidi, haipungui siku 7 zenye mshahara kamili na siku 7 nyingine zenye nusu mshahara katika kila miezi 12. Siku utakazougua sasa hazipunguzi hata moja katika zile za uzazi. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa, kwa hiyo mwombe mumeo akusomee mkataba wako, kwani waajiri wengine hutoa zaidi.

Siku 14 ni chache, hilo nalikubali. Kutapika kwa namna hii huwa kukali zaidi kati ya wiki ya 9 na ya 13, na wengi hupata nafuu ifikapo wiki ya 20, ingawa wapo wachache wanaoteseka hadi kujifungua. Ndiyo maana nasema uzitumie sasa, kwa kuwa uko kwenye kilele chenyewe, kisha zikiisha uombe sehemu ya likizo yako ya mwaka, ambayo kisheria haipungui siku 21 za kazi. Kuhusu fedha za ile nusu mshahara, mimi na mama yako tumeshazungumza, na usiniandikie kubishana nami juu ya hilo.

Hofu ya kwamba mimba itajulikana kabla ya miezi mitatu naielewa, na nyanya yako asingekubali itangazwe. Hata hivyo naona umweleze mkuu wako peke yake. Sheria inasema ujauzito si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi, na kinga hiyo inakufaa zaidi mwajiri akiwa anajua hali yako.

Nenda hospitali kesho asubuhi, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Waambie wazi ni siku ngapi chakula hakijakaa tumboni, ili wakumbuke kukupa vitamini B1, ambayo hupungua mwilini chakula kisipokaa, kabla ya kukuwekea dripu yenye glukosi. Wapime mkojo waone kama una ketoni, yaani dalili kwamba mwili unachoma mafuta yake kwa kukosa chakula, na wapime malaria, kwa maana huko Kisumu mjamzito anayetapika hafai kudhaniwa tu kuwa ni mimba inayomsumbua. Zipo dawa za kuzuia kutapika ambazo madaktari huwapa wajawazito, hivyo usizikatae kwa woga. Wala usijione dhaifu: mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba homoni iitwayo GDF15, inayotoka kwa mtoto aliye tumboni, humsumbua zaidi mama ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya mimba.

Kabla hujatoka hospitalini, omba cheti kilichotiwa saini na daktari, kinachosema huwezi kufanya kazi na kutaja tarehe. Bila karatasi hiyo mshahara wa siku hizo hauna ulinzi. Sheria inaruhusu mtu mwingine kumjulisha mwajiri kwa niaba yako, basi mumeo apige simu leo hii na kupeleka cheti atakapokipata. Mama yako atapanda gari la kwanza Alhamisi na atakaa nawe hadi utakapoweza kushika kikombe cha maji na kikatulia tumboni.

Wako akupendaye,
Baba