Fondue ya majani inapikika bila divai

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wasomaji, hasa sisi tusiotumia pombe, kwamba fondue, chakula cha Uswisi cha jibini iliyoyeyushwa ambacho wageni hukila kwa kuchovya vipande vya mkate wakiwa wamezunguka chungu kimoja, inaweza kupikwa vizuri bila divai. Divai nyeupe huwekwa si kwa ladha pekee, bali pia kwa sababu uchachu wake huzuia jibini kugandana, na kazi hiyo ndimu inaiweza.

Mara ya kwanza niliipika juu ya mkaa uliokolea. Mafuta yakajitenga, na chini likabaki donge linalovutika kama mpira, ilhali wageni wameshanawa mikono. Tangu hapo huchemsha taratibu robo lita ya supu ya mboga yenye vijiko viwili vya maji ya ndimu, katika chungu kilichosuguliwa kitunguu saumu, kisha hutia kidogo kidogo nusu kilo ya jibini ngumu iliyokwaruzwa na kuchanganywa na vijiko viwili vya wanga wa mahindi, nikikoroga kwa mwendo wa namba 8 bila kuiacha itokote.

Majani yenyewe, yaani giligilani na vitunguu majani, hutiwa mwisho kabisa, chungu kikiwa kimeshaepuliwa, kwani moto huua harufu yake. Boflo la jana hushika vizuri kuliko la leo, na muhogo wa kuchemsha, kwa maoni yangu, unalipita.

Msomaji wako,
Upanga, Dar es Salaam