Wapulizia moshi makusudi: mfuateni na fundi

Ndugu Mhariri,

Naishi Colorado, Marekani. Naomba nafasi gazetini kwako nieleze uchokozi wa barabarani ambao huku umezoeleka mno. Dereva wa pikapu ya dizeli anampita mwendesha baiskeli, anakanyaga mafuta ghafla, na moshi mweusi tii unamfunika mwenzake. Gari hilo si bovu. Mwenyewe amelipa gereji ing'oe chujio la masizi kwenye ekzosi na kuchezea kompyuta ya injini, ili imwage dizeli nyingi kuliko inayoweza kuungua. Na moshi wa dizeli, mwaka 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani.

New Jersey ilipiga marufuku tabia hii mwaka 2015. Colorado ikafuata mwaka 2017, kwa faini ya dola 100. Dola mia moja tu! Tena inabidi kuthibitisha kwamba dereva alikusudia. Mtu anayekohoa huku haoni mbele atashika vipi namba ya gari?

Msiseme ni utani wa vijana. Septemba 2021, huko Waller County, Texas, kijana wa miaka 16 mwenye pikapu aliwagonga waendesha baiskeli sita waliokuwa mazoezini. Wenzao walieleza kuwa muda mfupi kabla alikuwa akiwapulizia moshi.

Mimi nasema aanze kubanwa anayeng'oa na anayeuza vifaa vya kung'olea. Sheria ya Hewa Safi ya taifa inamkataza tayari. Mwaka 2020 mamlaka ya mazingira, EPA, ilikadiria kuwa pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeng'olewa vifaa vya kusafisha moshi. Kazi hiyo ilifanywa na mafundi, kwa malipo. Utah, kikundi cha madaktari kiliwashitaki kwa kosa hilo watu wa kipindi cha televisheni cha Diesel Brothers, na mwaka 2020 jaji akaamuru walipe zaidi ya dola 800,000. Rufaa ilirudisha hesabu ya adhabu ikapitiwe upya, lakini haikuwasafisha. Hapo ndipo gereji nyingine husikia. Nawaomba wabunge wa Colorado wapandishe faini, na gereji itakayokutwa na kazi hiyo ifungwe.

Nanyi ndugu mnaonunua pikapu za mtumba huku, chungulieni chini ya gari kabla ya kulipa. Kama chujio halipo, msilichukue.

Msomaji wako,
Denver, Colorado