Tusiutazame mfuko wa rambo, tuutazame mkataba

Mhariri,

Rushwa ikitajwa katika soka la Afrika, wengi hukumbuka video ya Kwesi Nyantakyi, aliyekuwa rais wa Chama cha Soka cha Ghana (GFA), akizitia dola 65,000 kwenye mfuko mweusi wa rambo. Lakini hizo zilikuwa chenji tu. Hela nene ilikuwa kwenye mkataba wa udhamini uliokuwa ukijadiliwa, na wajumbe wa mikutano mikuu ya vyama vyetu vya soka huupita mkataba kama hawauoni.

Nyantakyi hakuwa mbabaishaji. Ni mwanasheria, mwanzilishi wa klabu ya Wa All Stars iliyotwaa ubingwa wa Ghana 2016. Aliiongoza GFA tangu 2005, na mwaka 2010 timu ya taifa, Black Stars, ikafika robo fainali ya Kombe la Dunia. Hadi 2018 alikuwa pia makamu wa kwanza wa rais wa Shirikisho la Soka Afrika (CAF) na mjumbe wa Baraza la FIFA. Timu ikishinda, nani atauliza hesabu?

Waandishi wa Anas Aremeyaw Anas, mwanahabari mpelelezi wa Ghana, walijifanya matajiri wanaotaka kudhamini ligi, wakamrekodi kwa siri. Nyantakyi akataka fedha zipitie kampuni yake, nayo ikate kamisheni. Yaani mtu yuleyule asaini kwa niaba ya chama, kisha ale kama dalali. Kwa kamisheni ya asilimia 20, kila dola milioni 1 humegwa 200,000 kabla klabu hazijaona senti. Mkaguzi anaweza kupita bila kushtuka, maana ankara ipo na mkataba upo. Oktoba 2018 FIFA ilimfungia maisha na kumtoza faranga 500,000 za Uswisi. Mwaka 2020 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) ikapunguza adhabu hadi miaka 15 na faranga 100,000.

Kwa hiyo mjumbe asikubali taarifa ya fedha yenye mstari mmoja ulioandikwa "udhamini". Adai mkataba wenyewe, kisha alinganishe kiasi alichotangaza mdhamini na kilichoingia kwenye akaunti ya chama. Kama kuna pengo, nani amelipwa, na kwa kazi gani? Jina la kampuni litafutwe BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania, wakurugenzi na wanahisa wote, na wajumbe wasome hadi majina ya shemeji na wake, kwa sababu kiongozi mjanja haweki lake. Kampuni ikiwa imesajiliwa ng'ambo, BRELA haitasaidia. Hapo malipo yazuiwe mpaka wamiliki watajwe kwa maandishi.

Mawaziri nao wapunguze papara. Serikali ya Ghana ilitangaza kuivunja GFA siku moja baada ya filamu ya Anas kuonyeshwa. FIFA ikatishia kuifungia nchi, ikaundwa kamati ya mpito, na rais mpya akapatikana Oktoba 2019. Ligi ya 2018 haikumalizika. Kenya ilivunja shirikisho lake la soka (FKF) Novemba 2021 ikafungiwa Februari hadi Novemba 2022. Waziri akishavunja chama, mjadala wa fedha hufa, na mtuhumiwa hugeuka mtetezi wa katiba ya soka.

Ashughulikiwe mtu, chama kiachwe. Mwaka 2017 TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa Tanzania, ilimfikisha Jamal Malinzi, wakati huo rais wa shirikisho la soka la Tanzania (TFF), mahakamani Kisutu. Agosti wajumbe wakapiga kura Dodoma kumchagua Wallace Karia, na Tanzania haikufungiwa.

Mdau wa soka,
Dar es Salaam